Kule

Baba hakuwahi kuutaja mji wa chuo kwa jina.
Aliuita Kule, kwa kidevu,
akikielekeza mashariki, ng'ambo ya maghala,
kama mtu aonyeshaye wingu la mvua ya mawe.

Kule kikombe cha kahawa ni bei ya debe la mahindi.
Kule mbwa huvaa soksi.
Kule wanatuamulia mito yetu na samadi yetu,
na hawajui nguruwe jike hulalia ubavu upi akizaa.
Hayo yalisemwa kila alfajiri kwenye meza ya ushirika,
Iowa ya magharibi, harufu ya dizeli na donati,
na Duane Postma, na wale ndugu wawili wa Terpstra
wasiosemezana tangu kesi ya mpaka,
ila kwa hili waliitikiana kama waumini.

Lakini Jumamosi za mpira
rangi za chuo, nyeusi na manjano, zilipepea hadi kwenye trekta.
Duane alilia mbele za watu kijana wa Kule alipoangusha mpira.
Kwa saa tatu Kule kulikuwa kwetu.

Niliondoka na miaka kumi na minane,
mabegi mawili, na boksi la nyama iliyoganda
ambalo Mama hakukubali libaki.
Wenyeji waliniuliza, kwa upole kabisa,
"Huko kwenu kuna nini?"
Nikasema, kuna upepo.
Wakacheka. Nikacheka nao,
na usiku nikaona haya kama niliyemuuza mtu.
Krismasi, Baba akikata nyama: "Nyinyi wa Kule mnaonaje?"
Huko. Kule.
Miaka tisa hakuna aliyeniambia Hapa.

Februari moyo wake ukaanza kuvuja.
Kliniki ya wilaya hufunguliwa Jumanne na Alhamisi;
daktari, mzee kuliko Baba, akaandika neno moja kwenye karatasi
na Baba akalisoma kama hati ya mahakama.
Mama ndiye aliyeendesha. Saa nne na nusu.
Baba alihesabu maghala ya nafaka hadi yakaisha,
kisha akahesabu taa za barabarani, kisha akaacha.

Dakta Raghunathan alichora moyo
nyuma ya menyu ya chakula cha jioni.
"Vali ziko aina mbili," akasema. "Ya kutengenezwa, au ya nguruwe."
Baba akainuka kwenye mto.
"Nguruwe wa nani?"

Dakta alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.
Alitaka kujua uzao, chakula,
kama alilelewa kwenye majani au kwenye zege.
Dakta akafunika kalamu, akavuta kiti.
"Babu yangu alifuga nyati wa maziwa," akasema,
"mimi nikakimbia harufu."
"Harufu haikimbiliki," Baba akajibu,
na kwa dakika arobaini
nilikaa pembeni kama mgeni katika mji wangu.

Mengine nilisimuliwa na Mama kwa simu.
Mwezi wa nne, mezani, Duane alianza:
Kule sasa wanataka kodi ya...
Baba akakoroga kahawa ambayo haina sukari.
"Pale," akasema, "ghorofa ya sita, wana dirisha linalotazama huku."

Kimya. Terpstra mkubwa akamwangalia mdogo wake,
wa kwanza kutazama kwingine ni Duane.
Baba, asije akadhaniwa ameokoka,
akaongeza kwamba maegesho yao ni wizi wa mchana,
dola arobaini na mbili, kwa zege tupu!

Stakabadhi yenyewe ameibana juu ya usukani,
kwenye kinga ya jua.
Wino umeshafifia, hauonyeshi hata tarehe.
Mama akitaka kuitupa humwambia, iache pale.